Mista Soksi Hasikii Kibukusu

Jumapili, 11 Juni 2006. Matisi, Kitale.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na ninaliandika hapa nione linavyokaa kwenye karatasi: shule ilipofungwa, nilifurahi.

Wavulana walinyimwa ruhusa ya kutazama Kombe la Dunia. Ijumaa wakavunja madirisha ya bwalo, kisha ya maktaba, wakatupa vitabu nje kwenye mvua. Asubuhi niliona atlasi imefunguka kwenye tope na bara la Afrika limevimba kama mkate uliolowa. Wasichana walikuwa wanalia. Mimi pia nililia, maana mle maktabani ndimo ninamokaa saa ya mapumziko. Lakini chini ya kilio nilikuwa ninahesabu: leo Jumamosi, tunarudishwa nyumbani, basi Jumanne hakuna mdahalo. Nilikuwa nimewekwa kuwa msemaji wa kwanza, kwa Kiingereza, mbele ya shule nzima.

Kuandika Kiingereza ninaweza. Kukisema ndiko siwezi. Sisi wa Bungoma *l* na *r* hutupotea mdomoni, na yangu hupotea zaidi nikiogopa. Nikiwa Fomu Wani nilisoma insha yangu darasani, na mahali nilipoandika watoto walitaka kucheza, *play*, mdomo wangu ukasema walitaka kuomba, *pray*. Mwalimu akafumba macho, akakunja mikono, akasema, "Haya, tuombe." Darasa zima likafumba macho. Hadi leo kuna wanaoniita Pastor Edah.

Jumatatu, 12 Juni.

Mvua. Nimefua nguo za shule zote. Hazikauki.

Jumanne, 13 Juni.

Madam Gladwell alikuja jioni. Ana nasari hapa Matisi, nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga unga, vyumba vitatu vya mabati. Mwalimu wake wa baby class ameenda kujifungua.

"Mama Ian, huyu wako si ndiye huyo wa vitabu? Si anikalie na hao watoto, hata wiki tatu tu."

"Chukua," Mama akasema kabla sijafungua mdomo. "Hapa ataoza akisoma."

"Lakini ni Kingereza tupu, Edah. Mzazi hatuletei mtoto aje kujua lugha ya kwao. Hiyo alikuja nayo. Hata wa kwetu nawakataza Kikikuyu."

Nilisema ndiyo. Mimi husema ndiyo kwa sababu ni neno fupi.

Jumatano, 14 Juni.

Watoto thelathini na mmoja, wa miaka minne na mitano, kwenye madawati ya kubanana. Niliandika A ubaoni. Nikaandika B. Nilipogeuka, saba walikuwa chini ya madawati, wawili wanapigania sweta moja. Nilitaka kusema habari za asubuhi kwa Kiingereza, nikageukia ubao tena, nikaandika C.

Mvulana mmoja wa mbele, Thuo, alinitazama kwa huruma. "Ticha, wewe ni bubu?"

Mvua ikaanguka juu ya mabati, ikawa hakuna anayesikia mtu. Nilishukuru.

Alhamisi, 15 Juni.

Kama jana, bila mvua.

Ijumaa, 16 Juni.

Nimegundua kwamba shida yote iko mwanzoni. Ukiwapoteza dakika tano za kwanza umewapoteza hadi saa ya uji. Ukiwashika hizo tano, hata mambo makavu kama namba watayameza. Lakini utawashikaje kama wewe mwenyewe unatetemeka?

Nimechukua soksi moja ya mpira ya kaka yangu Ian, ile ya kijivu ambayo mwenzake imepotea. Nimeishonea vifungo viwili vya macho na kipande cha kitambaa chekundu kiwe ulimi.

Ian: "Hiyo soksi inanuka, bana. Utaua watoto wa watu."

Nimeifua mara mbili.

Jumatatu, 19 Juni.

Niliifunika ile soksi kwa leso mezani, mkono wangu mmoja ukiwa ndani yake, nikaweka kidole mdomoni. Darasa likanyamaza. Sijawahi kunyamazisha watu maishani mwangu. Nikawaambia kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, kwamba aliyelala hapa ni Mista Soksi, katoka mbali, haamki mpaka aambiwe *good morning*. Wakasema polepole. Leso ikatikisika kidogo. Wakasema tena. Akatoa jicho moja, akarudi ndani. Mara ya tatu walipiga kelele, mpaka Madam akatoka ofisini.

Na Mista Soksi akaongea. Kiingereza kikamtoka bila kukwama. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mkono wangu mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi.

Jumanne, 20 Juni.

Leo Mista Soksi alipoamka aliwaambia, *Let us play*. Ndivyo nilivyokusudia. Sijui alisemaje, maana watoto wote walifumba macho na kukunja mikono. Thuo akaanza, "Our Father."

Nilisimama hapo na soksi mkononi, masikio yanawaka moto. Madam alikuwa anapita dirishani. "Ona sasa!" akamwambia mpishi. "Huyu anaanza na maombi. Huyu amelelewa."

Basi nimeliacha hivyo. Kila asubuhi Mista Soksi ataamka, ataomba, ndipo tuimbe. Na nimepata faida moja: wakifumba macho ninaweza kuwatazama wote bila kutazamwa.

Mmoja hafumbi. Anaitwa Nasike. Anakaa mwisho karibu na mlango, amevaa gambuti, viatu vya mvua, kubwa kuliko miguu yake. Ameletwa mwezi uliopita kutoka Kabuchai, alikokuwa akilelewa na bibi yake, ambaye sisi Wabukusu humwita kukhu. Hapa anakaa na mama yake, anayefulia watu. Hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni kidogo. Hajasema neno tangu nije. Humtazama tu Mista Soksi, kama mtu anayengojea zamu.

Alhamisi, 22 Juni.

Mfuko. Ninaweka kitu kimoja ndani, Mista Soksi anachungulia, anashtuka, anaanguka. Wao wanabahatisha: kijiko? yai? kiatu? Anayejua jina kwa Kiingereza ndiye anayekitoa. Leo kilikuwa kiazi. Cheptoo alikitoa na akakataa kukirudisha.

Ijumaa, 23 Juni.

Madam amefurahi, lakini: "Bado wanaongea lugha za kwao huko nyuma. Nimesikia kwa masikio yangu. Jumatatu kuna mzazi anakuja kuangalia shule. Fanya kitu."

Zamani, Mama anasema, ukiongea lugha ya nyumbani shuleni ulivishwa kibao shingoni mpaka jioni. Sitaki kibao. Nimefikiria kitu cha upole kuliko hicho.

Jumatatu, 26 Juni.

Kitu cha upole ni hiki: Mista Soksi hasikii Kibukusu. Wala Kikikuyu, wala Kisabaoti, wala Kiswahili. Ukimwambia kwa lugha hizo anajifanya kutega sikio, anatikisa kichwa, halafu analala na kukoroma. Ukimwambia kwa Kiingereza anaruka juu.

Walicheka mpaka wakalala kwenye madawati. Walijaribu lugha zote makusudi wamwone akikoroma. Cheptoo alimtukana kwao, nadhani. Kufika saa ya uji walikuwa wanatafuta Kiingereza mifukoni mwao kama watu waliopoteza ufunguo. Yule mzazi aliandikisha mapacha.

"Edah," Madam akasema, "wewe utakuwa mwalimu mkubwa."

Nimeandika sentensi hiyo hapa niwe nayo.

Jumatano, 28 Juni.

Baridi. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamenifika mabegani.

Alhamisi, 29 Juni.

Nitaandika yote, kwa mpangilio yalivyotokea.

Tulikuwa tumeanza. Madam aliingia na wazazi wawili, mume na mke, wakasimama nyuma. Akanionyesha kwa macho: endelea. Mista Soksi aliamka, akaomba, akauliza nani ana habari ya kumwambia leo.

Nasike akainuka.

Alikuja mpaka mbele na gambuti zake zikipiga sakafu. Hajawahi kuja mbele. Watoto walinyamaza, maana hata wao walijua. Akashika soksi kwa mikono yake miwili, mkono wangu ukiwa ndani, akasogeza mdomo pale ambapo sikio lingekuwa, akasema kwa Kibukusu. Alisema kwa adabu, vile mtoto humwambia mtu mzima: Baba, nisaidie, nataka kwenda choo.

Nilimsikia. Ndiyo lugha niliyonyonya. Nilielewa kila neno.

Wale wazazi walikuwa wanatabasamu. Madam alikuwa ananitazama. Nikafikiri, au sikufikiri, sijui. Mista Soksi akajifanya kutega sikio. Akatikisa kichwa. Darasa likaanza kucheka.

Nasike akasema tena, kwa sauti zaidi, kama unavyomwambia mtu asiyesikia vizuri. Alifikiri hakusikika.

Mista Soksi akalala. Akakoroma.

Wote walicheka, hata yule baba wa nyuma. Nasike alinitazama mimi sasa, si soksi. Alinitazama usoni. Ndipo nikasikia maji yakiingia kwenye gambuti.

"Nasike amekojoa!" Thuo akasema. Kwa Kiswahili. Hakuna aliyemkataza.

Nilimpeleka nje. Nilimwosha miguu kwenye bomba, nikamfunga leso ya Mista Soksi kiunoni. Nilimwambia pole kwa Kiswahili. Hata hapo nje, sisi wawili tu, nilimwambia kwa Kiswahili, kwa sababu dirisha la ofisi lilikuwa wazi.

Ijumaa, 30 Juni.

Amekuja. Leso imefuliwa na kupigwa pasi.

Jumatatu, 3 Julai.

Wakifumba macho, sasa naye anafumba.

Jumatano, 5 Julai.

Nimejaribu wimbo wa kuguswa mabega: kila anayeguswa husema jina lake. Nilipomgusa Nasike alisimama, akangoja, akakaa.

Alhamisi, 6 Julai.

Nimejaribu mpira. Nimerusha kwake kwanza, polepole. Aliudaka vizuri, akaushika hadi mwisho wa kipindi. Hakuna aliyetaka kumnyang'anya.

Ijumaa, 7 Julai.

Nimeweka hindi bichi mfukoni, kitu cha kwao Nasike kabisa. Mista Soksi akaanguka kwa mshtuko. Nasike alilitazama, na niliona kwamba anajua jina lake, anajua na mashuke yake na jani la nje na la ndani. Thuo akalitaja kwa Kiingereza, akalichukua.

Jumatatu, 10 Julai.

Italia wamechukua kombe. Ian halali kwa kuongea.

Nilimwambia Madam kuhusu Nasike. Sikumwambia lote. Nilisema tu haongei.

"Hiyo ni kawaida, Edah. Kingereza kinajipanga ndani kwanza. Siku moja kitatoka chote."

"Hata Kibukusu haongei, Madam."

"Si ndiyo tunataka?"

Alicheka. Ana roho nzuri, kweli. Ndiye anayempa Nasike kikombe cha pili cha uji bila mama yake kujua. Siku za kwanza nilimwona mkali, halafu nikamwona mwerevu. Sasa ninaona kwamba alikuwa ameniomba kitu kidogo, na kikubwa nikakitengeneza mwenyewe kwa sindano na uzi.

Jumatano, 12 Julai.

Mama Nasike alinisubiri langoni. Mikono yake imepauka kwa sabuni.

"Mwalimu." Ana miaka zaidi ya thelathini, mimi nina kumi na sita, na ananiita mwalimu kwa heshima. "Huyu mtoto hata nyumbani haongei. Nikimsemesha anaangalia chini. Akitaka maji ananishika tu nguo. Kwani huku kulitokea nini?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa matatu tu: nilimsikia, nikajifanya sikumsikia.

"Atazoea, Mama," nikasema.

"Kwa mama yangu kule Kabuchai alikuwa anaongea mpaka unamwambia anyamaze. Ati kuku, ati ndama, ati ndoto alizoota." Akajipangusa mikono kwenye nguo. "Sawa, mwalimu. Wewe ndio umesoma."

Alhamisi, 13 Julai.

Barua imekuja kutoka shuleni. Sisi wa Fomu Tatu tunarudi Jumatatu, kila mmoja na mzazi. Niliisoma mara moja, nikaikunja. Nilikuwa ninafikiria jambo lingine, na mdahalo ukaonekana mdogo kama kitu cha watoto.

Ijumaa, 14 Julai.

Siku ya mwisho. Waliniimbia. Cheptoo alinipa kiazi. Madam amesema Mista Soksi abaki, mwalimu mpya atamtumia, na ile ya kutosikia asiiache, maana ndiyo wazazi wanapenda.

Nilisema ndiyo.

Baadaye nikaenda kwa Mama Nasike. Chumba kimoja, pazia katikati, nguo za watu zimepangwa hadi karibu na paa. Hakuwa ameingia. Nasike alikuwa kwenye stuli anapanga vibanio vya nguo. Nilipiga magoti chini, uso wangu ulingane na wake, na kwa mara ya kwanza nikamsemesha kwa Kibukusu. Nilimsalimu, "Mulembe, Nasike."

Aliniziba mdomo.

Haraka, kwa kiganja chote. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akanitazama mimi, macho yamemtoka. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiokoa. Alidhani nimesahau, na kwamba sasa watanicheka.

Tulikaa hivyo, mkono wake kinywani pangu, mpaka mama yake akaingia.

"Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilisimama nikamwambia lote: soksi, wale wazazi wa nyuma, kwamba alisema mara mbili na nilimsikia mara zote mbili.

Mama Nasike hakupiga kelele. Alichukua shati la mtu, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ulimsikia."

"Ndiyo."

"Na wewe ni Mubukusu kama sisi."

"Ndiyo, Mama."

"Kesho alikuwa aende kwa nyanyake," akasema. "Nilishapanga, labda kule atafunguka. Lakini mimi nina nguo za watu, siwezi kutoka." Akaliweka shati juu ya mengine. "Wewe mpeleke. Na hayo uliyoniambia, umwambie mama yangu. Mimi sitamwambia. Mimi ndiye nilimtoa kule, nikamwambia mjini atasoma."

Jumapili, 16 Julai.

Jana nilimpeleka. Mama alinipa ruhusa na mkate wa kupeleka. Kutoka barabarani tulitembea kama nusu saa, miwa pande zote mbili, njia imekuwa tope. Nasike alinishika kidole kimoja na kutangulia. Kwenye njia panda ndiye aliyechagua.

Kukhu yake alikuwa anatandaza maharagwe kwenye gunia, kwa sababu jua lilikuwa limetoka kidogo. Alipomwona mtoto alipiga vigelegele. Nasike alimkumbatia miguu, akaficha uso kwenye nguo yake, halafu akakimbilia jikoni na kujificha nyuma ya mlango. Kukhu akaniuliza kwa Kibukusu kwa nini mtoto hasalimii.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Niliyasema kwa sauti yangu ile ya kawaida, nikitazama maharagwe.

"Ati nini?" Akageuza kichwa, akanielekezea upande mwingine. "Sikio hili limekufa. Sema na hili, na useme kwa nguvu."

Mama yake mdogo mmoja alikuwa shambani anapalilia. Jirani alikuwa kwenye ua anaanika nguo. Niliwaona wote wawili. Nikapumua, nikasema kwa nguvu, kwa Kibukusu: mimi ndiye mwalimu wake, aliniomba ruhusa ya kwenda choo kwa lugha yetu, nilimsikia, nikajifanya sijamsikia, watoto wakamcheka. Jirani akaacha kuanika. Kukhu akaniuliza, mara ngapi? Nikasema kwa nguvu, mara mbili. Akaniuliza, na ulielewa? Nikasema kwa nguvu, nilielewa.

Sauti yangu ilifika hadi kwenye miwa. Mlango wa jikoni ulisogea kidogo, ukasimama.

Kukhu hakusema amenisamehe. Alisema mtu hatoki hapa na njaa. Akanipa ugali na mboga, nikala nimekaa kwenye kigogo karibu na mlango wa jikoni. Nilisikia Nasike akihamisha sufuria ndani. Sauti yake sikuisikia. Nilipomaliza niliosha sahani, nikaiegemeza ukutani ikauke. Nikamuaga Kukhu upande wa sikio lake zima. Kisha nikasimama mbele ya ule mlango, nikamwambia Nasike kwa Kibukusu kwamba ninaondoka, na kwamba siku ile nilimsikia. Nikangoja kidogo. Nikavaa viatu, nikarudi barabarani kwa miguu, peke yangu.